Kabla Hujampeleka Mnunuzi Shambani: Maandalizi ya Dalali wa Ardhi Mtwara na Lindi

Minada ya korosho ikianza, kuanzia Oktoba hivi, simu za madalali wa Masasi, Newala, Ruangwa na Mtwara mjini hazitulii. Mwenye fedha za msimu anataka kiwanja sasa hivi, kwa sababu anajua akichelewa zitaingia kwenye harusi, ada na madeni. Makaratasi ya ardhi nayo hayajui msimu. Ndiyo maana biashara ya Novemba huandaliwa Juni na Julai, wakati wakulima wako kwenye kupulizia salfa na muuzaji ana muda wa kukaa chini na wewe.

Anza na muuzaji mwenyewe. Swali la kwanza ni hili: ardhi hii ulipewa, ulinunua, au uliirithi? Akijibu kwamba ni ya marehemu baba au mama, omba barua ya usimamizi wa mirathi, ile fomu namba 4 ya Mahakama ya Mwanzo. Muhtasari wa kikao cha ukoo unampendekeza msimamizi tu. Mwenye kumteua ni mahakama. Huku kwetu pana jambo la ziada. Katika familia nyingi za Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera, ukoo hufuata upande wa mama, na wajomba wana sauti kwenye shamba la familia. Watoto wa marehemu wanaweza kuwa wamekubaliana wote, kisha siku ya kusaini akatokea mjomba na kusema shamba ni la dada yake. Mfuate mapema, msalimie kwa heshima yake, umsikilize. Kama ana dai la kweli, afadhali ulijue Julai kuliko Novemba, mnunuzi akiwa ameshika fedha.

Mume au mke naye asisahaulike. Sheria ya Ndoa ya 1971 inazuia nyumba ya wanandoa kuuzwa bila ridhaa ya mwenza, hata kama hati ina jina moja. Muuzaji mwenye wake wawili, tafuta ridhaa ya wote wawili, kwa maandishi, mbele ya wakili. “Mke wangu anajua” si ridhaa. Anayeuza kwa niaba ya ndugu aliyeko mbali awe na hati ya uwakilishi iliyosajiliwa, na uhakikishe aliyeitoa bado yu hai, maana akifariki hati hiyo imekufa naye.

Kisha tazama karatasi yenyewe. Kiwanja kilichopimwa kina namba, kitalu na bikoni, yaani alama za mpaka zilizosimikwa na mpima. Kama kina hati miliki, omba upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati kabla hujakitangaza. Hapo ndipo utaona rehani ya benki ambayo muuzaji “alishamaliza” lakini haikufutwa, au zuio lililowekwa na mdai. Kudai risiti za LUKU hakutoshi: kule hulipwa kodi ya majengo, wakati kodi ya pango la ardhi ina namba yake ya malipo, na deni la miaka kadhaa linaweza kukwamisha uhamisho. Shamba la kijijini lina njia yake. Mnunuzi asiye mwanakijiji anahitaji idhini ya halmashauri ya kijiji iliyokaa kikao, na muhtasari wenye mahudhurio na saini. Mhuri wa mwenyekiti peke yake, uliogongwa nyumbani kwake jioni, haujengi umiliki. Mahakama zimebatilisha mauzo ya namna hiyo mara nyingi. Mnunuzi ambaye si raia, mwambie siku ya kwanza kwamba hawezi kumilikishwa ardhi ila kwa uwekezaji, tena kupitia taratibu za uwekezaji za serikali.

Ukubwa ndipo ugomvi mwingi unapozaliwa. Mazoea yetu ni kusema eka moja ni hatua 70 kwa 70. Hatua za nani? Eka ni takriban mita za mraba 4,047. Mtu mrefu anayekata hatua ya sentimita 90 atapata mita 63 kila upande, yaani mita za mraba 3,969, karibu na eka kamili. Mzee wa miaka sabini anayetembea kwa hatua ya sentimita 75 atapata mita 52.5, na eneo lake litakuwa mita za mraba 2,756 tu. Wote wawili wamesema “eka moja” bila kudanganya, na tofauti inapita robo ya eka. Beba futi kamba ya mita 50 au kifaa cha GPS, zunguka mpaka ukiwa na majirani wa pande zote nne, andika majina yao na wasaini mchoro siku hiyohiyo. Jirani anayekataa kusaini anakupa taarifa muhimu. Kwenye kiwanja kilichopimwa, zitafute bikoni kwa macho. Ikikosekana hata moja, mpima airudishe kabla mnunuzi hajafika, kwa gharama ya muuzaji.

Shamba la mikorosho lina mambo yasiyoonekana kwenye karatasi. Hesabu miti: kwa nafasi ya mita 12 kwa 12, eka hubeba kama miti 28, kwa hiyo eka tano zenye miti 60 zina mapengo na bei iseme hivyo. Uliza miti ni ya nani, kwani mtu anaweza kumiliki ardhi huku mikorosho imepandwa na shemeji yake. Uliza pia kama zao limeshachukuliwa fedha za kangomba, yaani korosho kuuzwa nje ya mfumo rasmi, mara nyingi kabla ya kuvunwa, au miti imekodishwa. Mnunuzi asiyeambiwa hili atamkuta mtu mwingine anaokota korosho chini ya miti yake, na huyo naye ana karatasi. Mkataba utaje nani anavuna msimu huu na lini jina litabadilishwa kwenye daftari la chama cha msingi cha ushirika. Kama kuna makaburi ya familia, yapimwe, yatengwe, na njia ya kuyafikia iandikwe. Hili lisiachwe kwa maneno ya mdomo. Ni makaburi ya watu.

Ufukweni, kuanzia Mikindani hadi Kilwa, kumbuka zile mita 60 kutoka baharini ambazo Sheria ya Mazingira ya 2004 inazilinda. Kando ya barabara kuu, hifadhi ni mita 30 kila upande kutoka katikati. Bomba la gesi linalotoka Madimba lina mkuza wake (ukanda wa hifadhi ya bomba), na ardhi ya Likong'o ilishatwaliwa kwa mradi wa kusindika gesi. Ukiletewa kiwanja maeneo hayo, pitia ofisi ya ardhi kwanza.

Fedha za pembeni zijulikane kabla ya bei kukubaliwa. Kodi ya ongezeko la mtaji hulipwa na muuzaji: asilimia 10 ya faida kwa mkazi mwenye kumbukumbu za gharama. Aliyenunua kwa milioni 8 na kuuza kwa milioni 30 ana faida ya milioni 22, kodi milioni 2.2, na risiti za ujenzi huipunguza. Tangu mabadiliko ya 2023, mkazi asiye na kumbukumbu hutozwa asilimia 3 ya thamani. Ushuru wa stempu ni asilimia 1, na kwa kawaida huangukia kwa mnunuzi. Kuandika bei ya chini kwenye mkataba hakusaidii, kwa sababu ripoti ya uthamini ikionyesha thamani kubwa ndiyo inayotumika. Na mgogoro ukitokea, mnunuzi atadai kilichoandikwa tu. Bila uthibitisho wa kodi, uhamisho hausajiliwi. Muuzaji aliyekwisha tumia fedha zote ndiye anayekwamisha faili.

Kwa hiyo malipo yagawanywe: kishika uchumba (malipo ya awali) kidogo kwa maandishi, sehemu kubwa wakati wa kusaini mkataba na fomu za uhamisho namba 29, 30 na 35 mbele ya wakili, na kiasi kinachotosha kodi kibaki kwa wakili mpaka ilipwe. Yote yapite benki, jina la akaunti lilingane na kitambulisho cha NIDA. Mnunuzi anayetoka Dar es Salaam asipangiwe siku ya mwisho katikati ya masika. Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, barabara ilikatika Somanga na watu wakakwama. Kamisheni yako nayo iandikwe mapema, asilimia ngapi, nani analipa na katika hatua gani, wala usiongeze cha juu kwa siri: siku ya kusaini muuzaji na mnunuzi hukaa meza moja, na bei husomwa kwa sauti.