Kununua tela la bodi: anza na visivyoongezeka baadaye

Nahamisha vyombo vya watu hapa Texas, na tela langu la kwanza la bodi, yaani lililofungwa kwa kuta na paa, nililichagua kwa rangi. Nilijuta. Ukiingia yadi utatajiwa bei ya tela tupu, kisha utapewa karatasi ya nyongeza ndefu kama bajeti ya harusi. Pesa zako zitangulize kwenye vitu ambavyo tela likishatengenezwa havibadiliki kirahisi. Vingine utajifungia mwenyewe Jumamosi.

Hatua ya 1: Ekseli na breki. Soma kibandiko cha uzito ubavuni mwa tela. Tela la futi 6 kwa 12 lenye ekseli moja mara nyingi huandikwa pauni 2,990, yaani tela pamoja na mzigo wake, ingawa ekseli yenyewe hubeba 3,500. Ni ujanja wa kukwepa breki, maana majimbo mengi hudai breki tela likivuka pauni 3,000. Sasa toa uzito wa tela lenyewe, tuseme 1,300. Umebakiwa na chini ya 1,700, na vyombo vya familia moja vinaweza kuzimaliza.

Kwa kazi ya kila siku chukua ekseli mbili, pauni 7,000, zenye breki za umeme kwenye ekseli zote mbili. Gari lako litahitaji plagi ya pini 7 na kidhibiti cha breki. Plagi ya pini 4 ni ya taa tu. Na hakikisha kwanza gari lenyewe lina uwezo wa kuvuta uzito huo!

Hatua ya 2: Inama, chungulia chini. Sakafu inalala juu ya mbavu za chuma, ambazo huachana inchi 24 au 16. Lipia 16. Tela langu lile lilikuwa la 24. Nikisukuma friji ya milango miwili kwa toroli, plaiwudi inabonyea kama godoro kila gurudumu likipita katikati ya mbavu mbili. Mwaka haukuisha, ikapasuka.

Hatua ya 3: Kimo. Pima uwazi wa mlango wa nyuma, siyo dari, kwa sababu mlango huwa mfupi zaidi. Mimi huagiza inchi 6 juu ya kimo cha kawaida ili kabati liingie limesimama. Ukizidisha hapo, upepo wa barabara kuu utaulipia kwenye mafuta.

Hatua ya 4: Mlango wa nyuma. Wa rampu unafaa friji na pikipiki, lakini unataka nafasi ya kuangukia nyuma, na kwenye maegesho ya apartimenti nafasi hiyo ni ya kubahatisha. Kama unapakia palleti kwa foklifti, chukua milango miwili ya kufungua pembeni.

Hatua ya 5: Vya kukataa. Rafu, taa za ndani, michoro: achana navyo. Pete za kufungia mikanda nunua mwenyewe, ila bolti zishike chuma cha mbavu; skrubu kwenye plaiwudi peke yake zitang'oka siku ya breki kali. Spea usiikatae, na iwe tairi ya tela, yenye alama ya ST.

Siku ya kuchukua tela, nenda na tepu. Niliwahi kuandikiwa mbavu za inchi 16 kwenye karatasi. Nilipolala chini nikapima, ilikuwa 24. Sikusaini.