Anza na neno "hela" unapofundisha Vita vya Maji Maji

Mwalimu anayefundisha Vita vya Maji Maji, vita vya wananchi wa kusini mwa Tanzania dhidi ya Wajerumani, asianze kwa kujaza tarehe ubaoni. Aanze na neno hela, ambalo watoto hulitamka kila wanapotumwa dukani bila kujua kwamba limetokana na Heller, sarafu ndogo iliyoingizwa na utawala wa Kijerumani mwaka 1904, ambazo 100 kati yake zilifanya rupia moja. Wakishashangaa, waulize mkulima wa Umatumbi angeipata wapi rupia ya kulipia kodi. Hapo ndipo pamba inapoingia. Mimi huleta darasani mche wa pamba uliong'olewa pamoja na mizizi, nikaupitisha mkononi mwa kila mwanafunzi, kwa sababu vita hivyo viliwaka Julai 1905 pale wananchi wa Nandete, kijiji cha Umatumbi, walipong'oa pamba waliyolazimishwa kuilima. Kinjikitile Ngwale, mganga aliyegawa maji ya kujikinga na risasi, na Nduna Songea Mbano, kiongozi wa vita wa Wangoni, wafuate baada ya hapo. Njaa iliyosababishwa na Wajerumani kuchoma mashamba na maghala ipewe kipindi chake kizima, maana iliua watu wengi kuliko risasi, na bado masomo mengi huipita kwa sentensi moja.