Daisy de Santiago: ramu, ndimu na Chartreuse ya manjano

Santiago de Cuba ndiko Facundo Bacardí alikoanzisha kiwanda chake cha ramu mwaka 1862, na kokteli hii imebeba jina la mji huo. Iko vitabuni tangu 1939. Ukiondoa Chartreuse, pombe tamu ya mitishamba inayotengenezwa na watawa wa Ufaransa, unabaki na daiquiri (ramu, ndimu na sukari) iliyotiwa soda. Basi kazi yote iko kwenye hiyo Chartreuse, na hapo ndipo wengi huharibu.

Kwa glasi moja kubwa:

ramu nyeupe, ml 60
maji ya ndimu, ml 30
shira, ml 15
maji ya soda yaliyopoa sana, ml 30
Chartreuse ya manjano, ml 15
barafu iliyopondwa, na kishada cha nanaa

Shira ni sukari na maji kwa uzito sawa: gramu 100 kwa gramu 100. Pasha hadi sukari iyeyuke, usiache ichemke ikapungua, kisha ipoze kabisa.

Ndimu ni ndimu, si limau. Zile ndogo za pwani hutoa kama ml 10 hadi 15 kila moja, kwa hiyo andaa tatu. Zibiringishe mezani kwa kiganja kabla ya kukata, kamua bila kusaga maganda (uchungu unatoka huko), na tumia maji yake siku hiyohiyo.

Jaza glasi barafu iliyopondwa. Kama huna mashine, funga vipande kwa kitambaa safi, vitwange kwa mchi, mwaga maji yaliyotoka. Barafu yenye majimaji huzimua kinywaji kabla hujakigusa.

Tia ramu, maji ya ndimu na shira kwenye sheka, kile chombo chenye kifuniko cha kutikisia vinywaji, pamoja na vipande vizima vya barafu. Tikisa kwa nguvu sekunde 8 hadi 10 tu, maana barafu ya kwenye glasi itaendelea kuzimua. Soda isiingie kwenye sheka: gesi itarusha kifuniko. Chuja kwenye glasi, ongeza soda, koroga mara moja kutoka chini, kisha rundika barafu zaidi hadi ipande juu ya ukingo.

Sasa Chartreuse. Imimine polepole juu ya kilima cha barafu, usikoroge. Ina sukari nyingi, kwa hiyo ni nzito na hushuka yenyewe. Barafu ndiyo inayoichelewesha. Pua inakutana na mitishamba kwanza, kisha kila funda linakuwa na ladha tofauti kidogo. Baa nyingi huitikisa pamoja na vingine. Ladha zinalingana, lakini kinywaji kimekosa roho.

Chartreuse ya kijani isichukue nafasi yake kwa kipimo hichohicho. Ina kilevi cha asilimia 55 na itaifunika ramu. Ya manjano imekuwa adimu tangu watawa waamue kutoongeza uzalishaji. Ukiikosa, Strega ya Italia, yenye zafarani, inakaribia. Konyagi si ramu, iache kwa siku nyingine.

Pigapiga nanaa kiganjani, usiiponde, ichomeke karibu na mrija. Kikiwa kikali kwa uchachu, ongeza shira ml 5. Usiongeze Chartreuse.