Uliacha kukimbia na sasa unaogopa kurudi? Anzia kwenye mbio za hisani

Kama zamani ulikua unakimbia vizuri tu alafu ukaacha, labda ulijifungua, labda goti liliuma, labda kazi na foleni za Dar zilikumaliza, na sasa kila ukiwaza kurudi barabarani unaona aibu, basi tafuta mbio za hisani zilizo kama miezi miwili mbele ujiandikishe. Nasema za hisani, zile ambazo hela ya kujiandikisha inachangia wenye shida kama wagonjwa, kwa sababu pale kazi kubwa unakua umeshaifanya siku uliyolipia. Hela ikishaingia imeingia, mtoto anayesubiri upasuaji wa moyo haimhusu umemaliza kwa dakika 25 au 55, kwaio ukisimama kwenye mstari hudaiwi na mtu. Mtu aliyepoteza kujiamini anahitaji sana hiyo hali ya kutodaiwa.

Mbio zenyewe siku hizi zipo. CRDB Bank Marathon ilianza 2020 hapa Dar, ikachangia matibabu ya watoto wenye magonjwa ya moyo pale JKCI, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, na kawaida inakua Agosti. Dodoma kuna NBC Dodoma Marathon, ile ya kupambana na saratani ya mlango wa kizazi. Mi kwa anayerudi napenda za Dar za Agosti maana ni kipupwe, jua halijawa kali na alfajiri kuna upepo. Kili Marathon ya Moshi iache kwanza, inaangukia mwisho wa Februari au mwanzo wa Machi, kuna joto, na nusu marathon yake inapanda kuelekea Mweka, ule mpando kwa mtu ambaye bado anajishuku unaweza kumrudisha nyuma kabisa.

Chukua kilomita 5. Hata kama ulishakimbia 21, chukua 5. Hapa ndo wengi wanabisha, wanasema mi 5 nilikua nafanya kama pasha, sawa, lakini ulikua unafanya na mwili wa kipindi kile. Pumzi inarudi haraka, wiki chache tu unaona kifua kimefunguka, ila kano na mifupa vinachelewa, vinataka miezi, kwaio mtu anajiona ana pumzi anaongeza kasi ghafla, wiki ya nne ugoko unauma au kisigino kinagoma, anakaa tena mwaka mzima akijiambia kukimbia hakumfai. Sio kweli, aliharakisha tu. Na kama una presha, kisukari, umejifungua karibuni au umetoka kuumwa, pita kwa daktari kabla, na siku yoyote kifua kikibana au ukasikia kizunguzungu, simama, usijikaze.

Mazoezi ni siku 3 kwa wiki, usiunganishe siku mbili mfululizo. Wiki mbili za kwanza kimbia dakika 1 tembea 2, rudia mara 8, nenda nyumbani. Wiki ya tatu na ya nne kimbia 1 tembea 1. Baadae kimbia 2 tembea 1, na ukikaribia mbio kama mwili umekubali kimbia 3 tembea 1. Kutembea kuanze mapema wakati bado una nguvu, usisubiri uchoke, maana ukitembea kwa kupanga unabaki unaongoza mwili wako, ukitembea kwa kuishiwa kichwa kinakuambia umeshindwa, na hicho kichwa ndo tunachokitibu hapa. Kwa ile ya 2 kwa 1, ukienda taratibu tu, kilomita 5 zinaisha kwenye dakika 40 hadi 45, na hizo ni mbio kabisa. Kasi yako ni ile ambayo unaweza kuongea sentensi nzima na mwenzako bila kuhema, ukiona unajibu neno moja moja punguza.

Kwenye epu ya simu ya kupimia mbio usifungue rekodi zako za zamani, kama inakuonyesha yenyewe anza akaunti mpya. Yule wa zamani usimfukuzie sasa hivi.

Aibu ya watu wa mtaani ipo, tusidanganyane, kuna watakaokupigia "mchakamchaka chinja!" toka kibarazani. Dawa yake ni kwenda na kundi. Klabu za joging Dar zimejaa, Temeke, Mbagala, Kinondoni, wanatoka wikiendi asubuhi na nyimbo zao, na wengi wanapokea mgeni bila masharti. Mfuate kiongozi mwambie ukweli, narudi, naomba nikae nyuma, mara nyingi atakupa mtu wa kwenda nae. Kama unapenda utulivu nenda Coco Beach na Toure Drive alfajiri, alafu wiki za mwisho pitia Daraja la Tanzanite uzoee ule upepo wa baharini.

Raba si lazima mpya, za mtumba zinafaa kama soli haijalika upande mmoja na ukiibonyeza kwa kidole gumba bado inarudi. Usiku wa kabla ya mbio kula ulichozoea, wali au ugali, usianze kujaribu chakula kipya. Siku yenyewe kula kidogo masaa mawili kabla, chai na mkate au ndizi. Pakaa mafuta mazito mapajani na kwapani, hasa ukivaa ile tisheti mpya ya mbio, zinakwaruza. Toka mapema maana barabara zinafungwa.

Kwenye kuanzia simama nyuma. Kama kuna chipu ya muda, muda wako unaanza kuhesabiwa ukikanyaga kapeti la kupimia pale mstarini, kwaio kukaa nyuma hupotezi chochote na unaepuka ule msukumo wa vijana wanaotoka kama wameona moto. Kilomita ya kwanza iende polepole mpaka ujione mzembe, na mpango wako wa kukimbia na kutembea uanze hapo hapo, watakupita wengi, waache, baadhi yao utawakuta mbele wameshika viuno. Ukitaka kutembea sogea pembeni, inua mkono, usisimame ghafla mbele ya mtu.

Kuna sehemu roho itashuka, mara nyingi kwenye kilomita ya 3. Angalia nguzo ya mbele, fika hapo, tafuta nyingine, au msemeshe aliye pembeni yako, kumtia mtu moyo kunakurudishia na wewe nguvu. Mi hapo namkumbuka John Stephen Akhwari, mkimbiaji wa Tanzania kwenye Olimpiki ya Mexico City 1968, alianguka akaumia goti, akamaliza marathon wa mwisho, masaa 3 na dakika 25, wakati 18 walishajitoa njiani. Muda ule wa mtu wa mwisho, tena aliyeumia, wakimbiaji wengi wa mtaani kwetu wanautafuta miaka na hawaupati.

Ukimaliza usikae chini, tembea dakika 10, kunywa maji kidogo kidogo. Mbio zikiwa Jumapili, Jumatano toka tena dakika 20 za taratibu, saa iache nyumbani. Na kama uliwaomba ndugu na wenzako wa kazini wachangie, natumaini uliwapa namba ya malipo ya waandaaji na sio simu yako, basi watumie picha ya medali, alafu waandaaji wakitangaza kiasi kilichopatikana na kimeenda wapi, warushie na hiyo kwenye grupu, ni haki yao kujua.