Jinsi ya kuomba uchunguzi wa moto unaoutilia shaka, na kupata ripoti yake

Moto ukishazimwa, watu wa mtaani hawakai mikono mitupu. Alfajiri utakuta vijana wanashusha mabati, akina mama wanafagia majivu, na mnunuzi wa vyuma chakavu ameshafika na mzani wake akizivizia nyaya. Wote wana nia njema, ukimtoa huyo wa mwisho. Lakini kama una shaka kwamba moto umewashwa makusudi, waombe wote wasubiri kwanza, maana wanachokifagia ndicho ushahidi wako.

Utaratibu ulioelezwa hapa ni wa Tanzania Bara, ambako kazi hii iko chini ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji pamoja na Jeshi la Polisi. Zanzibar ina Kikosi chake cha Zimamoto na Uokoaji, kwa hiyo walio kule waanzie huko.

Kabla ya kushika kalamu

Zimamoto wanapigiwa 114, Polisi 112. Piga hata kama majirani wameshauzima moto wenyewe, kwa sababu taarifa iliyopigwa saa ileile ina uzito kuliko inayofikishwa baada ya wiki.

Waite TANESCO wakate umeme, halafu funga kamba kuzunguka eneo na umweke mtu wa kulinda. Piga picha kwa simu ukianzia nje kuingia ndani: milango na makufuli yake (yamevunjwa, au yalikuwa yamefungwa?), madirisha, swichi kuu, mita ya LUKU, na kila chumba kutoka pembe zake zote. Fundi umeme asiguse nyaya. Wala usiingize jenereta au pampu ya petroli ili "kusaidia usafi". Petroli ikidondoka hapo, maabara itaikuta, na hakuna atakayeweza kusema kwa uhakika iliingia kabla ya moto au baada yake.

Hatua ya 1: Polisi

Nenda kituo cha karibu, toa maelezo na uchukue namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha Polisi. Kuchoma jengo kwa makusudi ni kosa kubwa chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, na adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha. Kwa hiyo anayechunguza jinai ni Polisi. Zimamoto wanaeleza moto ulianzia wapi na ulisababishwa na nini. Unawahitaji wote wawili.

Kwenye maelezo sema unachokijua: nani alitoka mwisho, funguo zilikuwa kwa nani, kama kulikuwa na vitisho au ugomvi wa kiwanja, kama ulisikia harufu ya mafuta. Usimtaje mtu kuwa ndiye aliyechoma kwa kuwa tu hamwelewani. Taarifa ya uongo kwa Polisi nayo ni kosa. Kabla ya kusaini, omba usomewe, na uhakikishe imeandikwa kwamba moto unautilia shaka, isibaki "nyumba imeungua" peke yake.

Aliyejeruhiwa apewe PF3, fomu ya Polisi ya kwenda nayo hospitali. Kama kuna aliyefariki, familia isiharakishe mazishi kabla daktari hajamchunguza. Masizi kwenye njia ya hewa na kaboni monoksidi (hewa ya sumu iliyo kwenye moshi) katika damu huonyesha kama marehemu alikuwa bado anapumua moto ulipowaka. Kuna watu huuawa kwanza, kisha nyumba ikachomwa kuficha kilichotendeka.

Hatua ya 2: Serikali ya mtaa

Pata barua ya mtendaji au mwenyekiti wa mtaa inayokutambulisha wewe na jengo lako.

Hatua ya 3: Barua kwa Zimamoto

Peleka ofisi ya Zimamoto ya wilaya au mkoa. Barua fupi inatosha:

*Kamanda wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji,*
*Mkoa wa ................*

*YAH: OMBI LA UCHUNGUZI WA CHANZO CHA MOTO NA NAKALA YA RIPOTI*

*Mimi ni mmiliki/mpangaji wa jengo lililopo mtaa wa ........, kata ya ......... Jengo hilo liliungua tarehe ........, majira ya saa ......... Taarifa imetolewa Polisi kwa RB namba ......... Ninautilia shaka moto huu kwa sababu ......... Naomba eneo lichunguzwe, na nipatiwe nakala ya ripoti inayoonyesha mahali moto ulipoanzia, chanzo chake, na jinsi chanzo hicho kilivyothibitishwa.*

Ambatisha barua ya mtaa, nakala ya kitambulisho, hati ya umiliki au mkataba wa pango, na picha. Uwe na nakala mbili, na yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Ukiambiwa kuna ada, omba namba ya malipo ya serikali. Usimpe mtu fedha mkononi.

Maneno ya mwisho ya barua hiyo usiyaache. Ripoti nyingi huishia kwenye "hitilafu ya umeme", na kwa maoni yangu hilo limekuwa jibu la haraka mno. Kama kweli ni umeme, uliza ni waya upi, wa chumba gani, na kilionekana nini juu yake. Waya wa shaba uliopiga shoti huacha kidonge kidogo cha mviringo kwenye ncha, laini na kinachong'aa, wakati waya ulioyeyushwa na joto la moto huharibika kwa urefu na bila umbo maalumu. Hata kidonge hicho hakimalizi mjadala, kwa kuwa moto wenyewe unaweza kula ganda la waya wenye umeme na kusababisha shoti. Ndiyo maana lazima kisomwe pamoja na mahali moto ulipoanzia.

Hatua ya 4: Siku ya ukaguzi

Uwepo, ila usiwatangulie. Mchunguzi kwa kawaida huanza na sehemu iliyoungua kidogo akielekea iliyoungua sana, akitazama alama za moshi ukutani, hasa zile zinazopanuka kwenda juu kama herufi V. Akishuku mafuta, huchukua mabaki ya zulia, mbao au udongo na kuyatia kwenye kopo safi la chuma au chupa ya kioo lenye mfuniko usiopitisha hewa. Mfuko wa plastiki wa kawaida haufai kwa sababu mvuke hupenya. Huchukuliwa pia sampuli ya kitu kilekile kutoka sehemu isiyoshukiwa, ili maabara ilinganishe.

Vielelezo huenda Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali kupitia mpelelezi. Usivipeleke mwenyewe, kwani mahakamani kila mkono uliokishika kielelezo lazima uwe na saini yake.

Majibu nayo yana mipaka. Petroli ikikutwa kwenye chumba ambacho bodaboda hulazwa kila usiku, haithibitishi mengi. Isipokutwa, huenda iliteketea yote. Na mtu akikwambia vioo vyenye nyufa nyembamba kama utando ni dalili ya mafuta, usimfuate. Ni imani ya zamani. Majaribio yameonyesha kuwa nyufa hizo hutokea kioo cha moto kinapomwagiwa maji.

Hatua ya 5: Kufuatilia

Muulize mkuu wa upelelezi wa wilaya jina la mpelelezi wa jalada lako, na ufuatilie kwa maandishi. Ripoti ya Zimamoto ikikawia bila maelezo, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa na kujibiwa ndani ya siku 30, ingawa zinazoweza kuharibu upelelezi unaoendelea zinaweza kuzuiwa.

Vyeti na hati vilivyoungua vina njia yake: vitolee taarifa ya upotevu Polisi, kisha nenda kwa mamlaka iliyovitoa.

Mwenye bima aijulishe kampuni mara moja, asingoje ripoti. Kampuni itamtuma mkadiriaji wake, ambaye naye atataka kuona eneo likiwa halijaguswa. Mkishindwana juu ya malipo, lalamika kwa maandishi kwenye kampuni kwanza, ndipo uende kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima ukiwa na RB, ripoti ya Zimamoto na barua zote mlizoandikiana.