Kupanda okidi kwenye faiba ya mto wa kulalia badala ya mosi

Hii ni kwa wale wenye okidi za Phalaenopsis, zile maua yake kama vipepeo, unanunua imechanua vizuri unaifikisha nyumbani Dar miezi mitatu mbele ukiichomoa unakuta mizizi imekuwa uji. Mara nyingi kosa sio la mkono wako, ni ile mosi (mmea mdogo laini kama sponji unaowekwa badala ya udongo) iliyobanwa kwenye kopo. Mosi yenyewe, sfagnamu, nyingi inatoka Chile na New Zealand, kwa hiyo huku kuipata ni kazi na ukiipata bei imechangamka, afu kwa joto letu hili haichukui muda inaoza na kuwa tope lenye harufu ya uchachu. Ndo nikaanza kutafuta kitu kisichooza kabisa, nikaishia Kariakoo kwa wauza mito, nikarudi na mfuko wa faiba, zile nyuzi za plastiki za kujazia mito.

Kabla hujagusa mmea elewa kitu kimoja. Sfagnamu ina vyumba vidogo vitupu ndani yake vinavyobeba maji, inaweza kubeba hata mara 20 ya uzito wake ikiwa kavu. Faiba haibebi kitu ndani, maji yanakaa katikati ya nyuzi basi, na haina chakula wala ile asidi kidogo ya mosi. Kwa hiyo ukiimwagilia kwa mazoea ya mosi utaharibu tu.

Ukienda kununua angalia usiuziwe sufi au pamba ukadhani ni faiba, maana hizo ni za mmea na zitaoza kama kawaida. Chukua kijipande uwashe kiberiti (nje, sio dukani kwa watu jamani), pamba inaungua kama karatasi inaacha majivu laini, faiba inasinyaa inayeyuka inaacha kidonge kigumu. Chukua nyeupe, ya rangi achana nayo. Sponji za godoro nazo nilijaribu, zikipigwa na mwanga muda mrefu zinaanza kumeguka unga unga, sizitaki tena.

Faiba mpya inakataa maji, utaona yanateleza juu tu. Iloweke kwenye maji ya moto yenye tone la sabuni ya vyombo, ikandekande, suuza mpaka povu liishe kabisa, afu kamua. Mi huwa nachanganya na mkaa, vipande vya ukubwa wa ncha ya kidole gumba, vimeoshwa vumbi lote kwanza, kama nusu kwa nusu hivi. Mkaa hapa kazi yake kubwa ni kuzuia faiba isilale ikashikana, hewa ipite.

Kopo tafuta la plastiki linaloonesha ndani, hata la aiskrimu sawa, lisiwe kubwa, mizizi iingie na nafasi ya kidole pembeni. Toboa chini na ubavuni pia kwa msumari uliopashwa moto.

Sasa hapa ndo nilipofeli mara ya kwanza. Nilijaza faiba nikaishindilia kama najaza mto kweli, juu nikigusa kukavu naongeza maji, kumbe chini robo nzima ya kopo imejaa maji hayatoki ng'o, mizizi ya chini ikaisha yote. Nyuzi zikibanana zinashikilia maji chini hata kama tundu lipo. Dawa yake ni mbili, usishindilie, na kata utepe mrefu wa faiba hiyo hiyo uupitishe kwenye tundu la chini uning'inie nje kama utambi wa koroboi. Utambi unavuta yale maji ya chini yanadondoka. Jaribu bila mmea kwanza, mwagilia, nyanyua kopo usikie uzito wake, rudia kila siku mpaka ujue linachukua siku ngapi kukauka hapo hapo utakapoliweka. Kwangu barazani ni siku tatu hivi, kwako inaweza kuwa tofauti.

Kuhamisha mmea ni kawaida: loweka mizizi dakika kumi, toa mosi yote ya zamani hata ile iliyojificha katikati, kata mizizi iliyolainika kwa mkasi uliopitishwa kwenye moto, acha mmea kivulini mpaka kesho vidonda vikauke. Afu zungushia faiba kidogo katikati ya mizizi, weka kwenye kopo, jaza pembeni na mchanganyiko ukigongagonga kopo tu. Majani yakae juu kabisa, shingo ya mmea isizikwe. Ikiyumba funga na kijiti.

Kumwagilia angalia mizizi kupitia kopo, ya kijani imeshiba, ikigeuka kijivu cha kung'aa inataka maji. Kama unatumia maji ya kisima yenye chumvi, na Dar wengi ndo hivyo, kinga ya mvua, maana chumvi inaganda kwenye nyuzi utaona weupe weupe. Na ukoga wa kijani utaota kwa sababu ya mwanga, sio ugonjwa, ukikukera visha kopo soksi nyeusi.

Chakula ndo usisahau, kwenye faiba mmea hauna pengine pa kukipata. Mbolea ya kuyeyuka kwenye maji, NPK 20-20-20 kwa mfano, nusu gramu kwa lita moja mara moja kwa wiki, na kila mwezi mara moja pitisha maji matupu mengi kusafisha. Soma mfuko, kama naitrojeni yake karibu yote ni ya yurea tafuta nyingine, kwa sababu yurea kwa kawaida huvunjwa na bakteria kwanza na kwenye faiba safi hao ni wachache. Yurea ya shambani ndo usithubutu kabisa.

Wenye Vanda, aina nyingine ya okidi, hamna haja ya yote haya, zitundikeni tu mizizi ikiwa hewani mpulizie maji kila siku. Na wale wa kwenda kung'oa okidi porini Usambara eti za bure, acheni, okidi zote zipo kwenye orodha za CITES, ule mkataba wa kimataifa wa kudhibiti biashara ya mimea na wanyama wa porini, na ukiing'oa mwituni mara nyingi inakufia tu.

Baada ya miaka miwili hivi nachomoa faiba, nailoweka usiku mzima kwenye maji yenye jiki kidogo, nasuuza sana, naianika juani siku mbili inarudi kazini. Iliyochakaa usiitupe bustanini wala usiichome, ni plastiki ile, nyuzi zake zitabaki kwenye udongo miaka na miaka. Mi naijazia kimto cha kukalia jikoni.