Shangazi Mwenye Pembe: Namna ya Kuandika Hadithi ya Kuwachekesha Watoto

Nafundisha shule ya msingi Busia, upande wa Uganda, na jioni naandika hadithi za Kiswahili za watoto wa P4 na P5, yaani darasa la nne na la tano. Watu huniuliza vichekesho navitoa wapi. Hapa mpakani vimejaa tele, kazi ni kuvipanga.

Kwanza, mtafute mtoto anayetaka kitu, tena anakitaka kwelikweli. Waandishi wengi huanza kwa kutuambia kwamba fulani alikuwa mtundu na mcheshi sana. Huyo hamchekeshi mtu. Anayechekesha ni mtoto mwenye shughuli nzito na mpango mbovu, na mwenyewe hacheki hata kidogo. Wandera wangu, kwa mfano, ametumwa kumfikisha mbuzi wa mahari upande wa Kenya kabla ya saa nane, na kibali cha mifugo hana. Basi:

*Wandera alimvisha mbuzi koti la mvua, akafunga vifungo vyote, wakapanga foleni.*
*"Huyu ni nani?" aliuliza askari.*
*"Shangazi."*
*"Shangazi ana kitambulisho?"*
*"Alikuwa nacho, afande. Amekila."*

Soma tena jibu la mwisho. Ukiandika "Amekila kwa sababu mbuzi hupenda karatasi," umekiua kichekesho. Neno linalolipua kicheko likae mwisho, kisha nyamaza. Na askari wetu si mjinga wala mkatili. Anauliza maswali ya kazi yake kwa heshima zote. Mkubwa anayefuata taratibu mbele ya mbuzi aliyevaa koti anachekesha kuliko mkubwa anayepiga kelele.

Somo hilo nililipata kwa Barbara Kimenye. Alizaliwa Uingereza mwaka 1929, akaolewa na mtu wa Bukoba, ndoa ilipovunjika akaja Uganda, akafanya kazi katika serikali ya Kabaka, mfalme wa Buganda, halafu akawa mwandishi wa habari. Vitabu vyake vya Moses, alivyoanza kuvitoa miaka ya 1960 kwa Kiingereza, vinamhusu kijana mtukutu katika shule ya bweni ya Mzee Mukibi. Shule yenyewe ina jina refu la kifahari, lakini ni kama kokoro, wavu wa kuzoa wavulana walioshindikana kwingine. Moses hafanyi fujo kwa kupenda fujo. Kila balaa lina sababu ambayo mtoto yeyote wa bweni ataiona ya haki kabisa, na ndiyo maana wasomaji wa Afrika Mashariki walikua naye. Mimi nadhani kukaa karibu na ofisi za wakubwa kulimfunza jambo: ukubwa ukivaa suti, usiuvue, uache utembee wenyewe mpaka ukanyage ganda la ndizi. Kimenye alifariki mwaka 2012. Wazazi wa wanafunzi wangu wakimsikia Moses akitajwa bado hutabasamu.

Lugha sasa. Mtoto wa hapa nyumbani anasema Kisamia, Kiteso au Luganda, na Kiswahili amekiokota sokoni na kwa madereva wa malori. Wazee wao wengi walikizoea kikitoka kwa askari: simama, toa, lete. Kwa hiyo Kiswahili kinachocheza ni kitu kipya kwao, na hiyo ni bahati yako, usiipoteze kwa misamiati ya kamusi. Sentensi fupi. Majina ya vitu vyao: jerikeni, boda, posho (ndiyo ugali wetu), sanduku la bati la bwenini. Mtoto asiyejua maana ya "ghadhabu" hatacheka wakati wa kuiwazia.

Kisha soma kwa sauti mbele ya watoto, na rasimu yako iwe mkononi pamoja na kalamu. Wanapocheka, tia nukta pembeni. Wanapoanza kuchezea vifungo vya sare, chora mstari. Hapo panakatwa, hata kama unapapenda. Usiwaulize kama hadithi ni nzuri. Watajibu kwa pamoja, "Ndiyo, mwalimu," nawe hutakuwa umejua lolote.

Mafunzo ya mwishoni? Kuna wahubiri wa kutosha mjini. Najua wachapishaji wa Kampala wanategemea sana soko la shule, na shule hupenda kitabu kinachoaga kwa "tangu siku hiyo Wandera akawa mtiifu". Hilo lipinge. Ukichoka kugombana, tovuti ya African Storybook hutoa hadithi za watoto bure, kwa leseni huria, zikiwemo nyingi za lugha za Uganda. Hailipi, lakini utasomwa.

Mwisho, picha. Kunja karatasi ufanye kijitabu cha kurasa 16 au 24, uandike humo maneno kwa penseli kabla ya kumwona mchoraji. Maneno yasirudie kilichochorwa. Maneno yangu yanasema "shangazi" tu. Pembe zinazotoboa kofia ya koti ni kazi ya mchoraji. Swali la kitambulisho likae chini ya ukurasa wa kulia, na jibu nyuma yake, ili mtoto alifunue kwa mkono wake mwenyewe. Na malipo ya mchoraji, pamoja na nani atamiliki michoro, muyaandike na kutia sahihi kabla hajashika brashi.